Mgeni wa Nakuru naye apewe jembe

Kila Septemba, vyuo vinapofungua mwaka mpya wa masomo, mabasi yanayotoka Kampala na Malaba kuelekea Nairobi hupunguza abiria Nakuru. Miongoni mwa wanaoshuka ni vijana wenye masanduku makubwa, sweta nyepesi na barua ya chuo iliyokunjwa vizuri ndani ya pasipoti. Huyu ametoka Juba, yule Goma, mwingine Bujumbura. Kuna wanaofika kwa njia nyingine, kutoka Arusha au Mogadishu kupitia Nairobi. Wanakuja kusomea kilimo Egerton, sheria Kabarak, au kozi nyingine katika vyuo vilivyojaa hapa mjini. Mara nyingi mtu ana namba moja tu ya simu ya kumpokea: ya binamu, ya mtu wa kwao aliyetangulia, au ya ajenti aliyemtafutia nafasi.

Tahariri hii ni yao, na ni yetu pia sisi tunaowapokea, kwa sababu kuna jambo haliendi sawa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hiyo kumsuta mtu aliyekaa kwa watu akila bure. Hebu isikilize tena. Anayepewa jembe anaonyeshwa pia shamba. Anapewa nafasi kwenye mstari wa wanaolima, na kilichovunwa kikipikwa hakuna wa kumuuliza amekuja kufanya nini mezani. Siku ya kupewa jembe ndiyo siku ugeni unapokwisha.

Sasa mwangalie mwanafunzi wa kigeni wa Nakuru. Mwaka wa kwanza anatajiwa kodi ya juu kwa sababu lafudhi yake imemtangulia mlangoni. Mwaka wa pili anasimamishwa usiku akitoka maktaba na kuulizwa makaratasi. Mwaka wa tatu anatafuta mahali pa kufanyia atachimenti, anaambiwa nafasi ni za wenyeji. Mwaka wa nne bado darasani anaitwa "wale". Anahitimu, anapiga picha na joho, anapanda basi. Miaka minne imepita na siku yake ya tatu haijafika.

Tunasema siku hiyo ifike mapema, tena ndani ya muhula wa kwanza. Chuo kina kazi yake katika hilo, mwenye nyumba ana yake, komredi Mkenya ana yake, na mgeni mwenyewe hajaachwa nje.

Mji wa waliokuja

Nakuru haina sababu ya kujifanya haijui ugeni. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na mwaka 1904 ikatangazwa kuwa mji mdogo. Waliojenga stesheni, waliolima mashamba ya walowezi, waliofungua maduka na waliokuja kuuza mboga wote walitoka kwingine. Hata Egerton, kule Njoro, ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Egerton kwa vijana wa Kizungu waliokuja kutafuta maisha katika Bonde la Ufa. Leo ni chuo kikuu cha umma, tangu 1987, na anayesoma huko ni mtoto wa yeyote.

Ukiwauliza majirani kumi wa ploti moja Kaptembwo au Free Area "ocha kwenu ni wapi?", utatajiwa Nyandarua, Kisii, Siaya, Kericho, Kakamega na Baringo kabla hujamaliza kuhesabu milango. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 hapa mjini, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikapewa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulisherehekea. Lakini jiji ni zaidi ya barabara na taa. Ni mahali ambapo mtu asiye na shangazi hata mmoja anaweza kufika, akakaa na akaendelea na maisha yake.

Isitoshe, baadhi ya tunaowaita wageni wana historia hapa kuliko tunavyodhani. Ni Naivasha, ndani ya kaunti hii hii, ambapo mwaka 2004 serikali ya Sudan na SPLM ya John Garang zilitia saini itifaki za kugawana mali na madaraka, mpatanishi akiwa Jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo. Mkataba kamili ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Sudan Kusini ikawa nchi huru tarehe 9 Julai 2011. Wakati vita vikiendelea, familia nyingi za Sudan Kusini zilikuwa zimeshahamia miji ya Kenya, Nakuru ikiwemo, ili watoto wasome. Kijana wa Juba anayeshuka leo steji ya Nakuru huenda mjomba wake alicheza mpira katika uwanja wa shule unaouona kutoka dirishani kwako.

Kuna mfano wa karibu zaidi, na huo ni wa kuonya. Pita Kabarak, ufuate barabara hiyo hiyo hadi Eldama Ravine. Pale kuna jamii ya Wanubi, kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kutumikia jeshi la kikoloni. Wamezaliwa hapa, wamezikwa hapa, lakini kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyekwenda kuomba kitambulisho alitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni wa hapa. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia. Jamii ilikaa zaidi ya miaka 100 ikisubiri jembe.

Mwanafunzi wa kigeni hajaja kudai uraia. Wengi wao wanataka kumaliza digrii na kurudi kwao. Lakini tabia ni ile ile: kumwacha mtu mlangoni, halafu kumlaumu kwa nini haingii.

Siku 90 za kwanza

Sheria ya Kenya inamtaka mgeni atakayekaa nchini zaidi ya siku 90 ajisajili na kupata kitambulisho cha wageni. Zaidi ya hapo, mwanafunzi anahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji, inayoombwa mtandaoni pamoja na barua ya chuo. Muhula mmoja wa chuo ni wiki 14 au 15 hivi, yaani karibu siku 100. Kwa hiyo saa ya serikali na saa ya chuo zinakimbia pamoja. Anayefika akidhani atashughulikia makaratasi "nikishazoea" hushtuka mitihani imefika na muda umekwisha.

Tatizo ni kwamba karatasi moja inashika nyingine mkono. Bila kitambulisho au pasipoti huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini huna M-Pesa, na Nakuru bila M-Pesa huendi mbali: kodi inalipwa kwa simu, tokeni za stima zinanunuliwa kwa simu, na hata mama mboga wa Njokerio ana namba yake ya till kwenye kadibodi. Ndipo mgeni anapoamua njia ya mkato. Anatumia laini ya rafiki. Pesa za karo zinatumwa kwa jina la mtu mwingine. Siku rafiki akihama, akikosana naye au akipoteza simu, mgeni hana pa kushtaki, maana kwa maandishi pesa ile haikuwa yake.

Kwa hiyo, wewe uliyefika juzi, anza na karatasi kabla ya pazia na zulia. Piga nakala za pasipoti, barua ya chuo na risiti ya maombi ya pasi. Weka seti moja chumbani, nyingine utembee nayo, na picha zake zikae kwenye barua pepe. Sajili laini kwa jina lako mwenyewe. Na ujue kwamba pasi ya mwanafunzi si kibali cha kazi. Anayekuahidi ajira ya mshahara "chini ya maji" anakuweka wewe hatarini, yeye hana cha kupoteza.

Ukisimamishwa na polisi, onyesha nakala zako kwa upole. Ukikamatwa, kumbuka Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010: unapaswa kuambiwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za korti au siku isiyo ya kazi. Katiba inasema "mtu aliyekamatwa". Haikusema Mkenya aliyekamatwa.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya mwanafunzi. Chuo kinachopokea karo ya kigeni kiwe na meza moja, wiki ya kwanza, ambapo mtu anayejua kazi hii anakaa na wanafunzi wapya na kujaza nao maombi hadi mwisho. Kiwaombe maafisa wa uhamiaji waje chuoni mara moja kila muhula. Gharama yake ni viti, meza na siku mbili tatu. Faida yake ni mwanafunzi anayekaa darasani badala ya kupanga foleni mji mwingine wiki ya mtihani.

Bei ya mgeni

Tuzungumzie pesa, kwa sababu hapo ndipo utani huisha. Mtaani kuna imani kwamba mwanafunzi wa kigeni ni mtoto wa tajiri. Ana dola, bana. Basi kodi inapanda, depositi inakuwa ya miezi miwili, na fundi wa kufuli anataja bei akiwa ameangalia viatu vyako.

Hebu tupige hesabu ya hizo dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huo huo ilikuwa karibu 130. Sisi tulifurahi shilingi kupata nguvu. Lakini mzazi aliyekuwa akituma dola 200 kila mwezi, ambazo zilimpa mtoto wake shilingi 32,000, sasa alikuwa akituma dola zile zile 200 na mtoto anapokea 26,000. Shilingi 6,000 zilipotea bila mtu yeyote kuziiba. Kodi haikushuka, nauli haikushuka, wala karo haikushuka.

Ongeza habari za nyumbani. Sudan Kusini hutegemea mafuta kwa sehemu kubwa kabisa ya mapato ya serikali, na mafuta hayo hupita kwa bomba ndani ya Sudan, nchi iliyoingia vitani Aprili 2023. Februari 2024 bomba kuu liliharibika, pauni ya Sudan Kusini ikaporomoka, na watumishi wa umma wakakaa miezi bila mshahara. Mwalimu wa Juba mwenye mtoto Njoro alipaswa kutoa wapi dola? Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na benki za mji huo zikafungwa kwa miezi. Kuna wazazi waliokuwa na pesa kwenye akaunti na hawakuweza kuzigusa. Huku Nakuru keateka anagonga mlango tarehe tano.

Tunajua jibu litakalokuja: Wakenya wenyewe wanaumia. Ni kweli. Makomredi wetu wamekaa wakisubiri mkopo wa HELB huku wakila mkate na chai ya rangi, na mvutano kuhusu mfumo mpya wa kufadhili vyuo ulifika hadi kortini. Hakuna anayesema mgeni apewe kilichokatwa kwa mwenyeji. HELB ni ya Wakenya, na mgeni haiombi. Tunachodai hakitoki mfukoni mwa Mkenya yeyote: bei moja kwa chumba kimoja, na muda wa kulipa nyumbani kwa mtu kunapoungua.

Mwenye nyumba, mlango nambari 4 na nambari 5 vina ukubwa mmoja na maji yanakatika siku moja. Toza bei moja na utoe risiti. Msimamizi wa chuo, karo ya mgeni mtajie kwa shilingi siku ya kusajiliwa na isibadilike hadi mwaka uishe. Na mwanafunzi ambaye benki ya mji wao imefungwa na vita aruhusiwe kufanya mtihani na kulipa kwa awamu. Mtihani uliokosekana kwa ajili ya vita vya watu wengine ni mwaka mzima wa maisha ya kijana.

Wewe mpangaji mpya nawe uwe macho. Kabla hujalipa depositi, waulize wapangaji watatu wanalipa ngapi. Usimuulize keateka. Lipa kwa namba iliyoandikwa jina la mwenye nyumba, na utunze ujumbe wa M-Pesa kama unavyotunza cheti.

Toka kwenye bedsita, komredi

Sasa tuseme na mgeni bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna mgeni ambaye Nakuru haikumfungia mlango. Aliufunga mwenyewe. Ana kikundi cha WhatsApp cha watu wa kwao, anapika chakula cha kwao, wikendi anaenda kwa mtu wa kwao, na muhula wa tatu hajui jina la jirani wa ukuta mmoja. Tunamwelewa. Lugha ya nyumbani ni blanketi, na Njoro kuna baridi.

Na baridi hiyo si maneno matupu. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zake kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Mtu aliyetoka huko akikutana na asubuhi ya Julai ya Njoro anadhani amefanyiwa ubaya. Basi nenda mtumba kabla ya kununua chochote kipya. Nunua koti, soksi nzito na blanketi la pili. Ukumbuke pia kwamba chuo chako huenda hakiko mjini: Egerton iko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya jiji, Kabarak karibu 20 upande mwingine. Ukipanga Section 58 kwa sababu picha zilikuwa nzuri, nauli ya matatu itakula chakula chako cha mchana.

Lugha nayo ina mitego yake, hata kwa anayejua Kiswahili. Mtanzania anayesema "namtumia bibi yangu pesa" anamaanisha mama wa mzazi wake. Hapa Nakuru wanaomsikia wanashangaa kijana wa miaka 19 ameoa lini, kwa maana bibi huku kwetu mara nyingi ni mke, na mama wa mzazi ni nyanya. Naye akisikia "nyanya anaumwa" anafikiria kachumbari. Mtu wa Goma akiomba bugali ataletewa ugali baada ya kucheka kidogo. Kijana wa Juba akipita Eldama Ravine na kuwasikia wazee wa Kinubi wakiongea atasimama, kwa sababu Kinubi na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa karibu. Usiogope kuchekwa. Kicheko cha namna hiyo ni cha kukusogezea kiti. Jifunze "niaje" ya vijana na "habari ya asubuhi" ya wazee, na ujue kutozichanganya.

Wenyeji nao wana ya kwao ambayo mgeni hayajui. Utaona watu wengi wenye meno yenye madoa ya kahawia. Usidhani hawapigi mswaki. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, inayoharibu rangi ya meno yanapoota utotoni. Uliza maji ya ploti yako yanatoka wapi. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, kwa hiyo ukiweza, maji ya kunywa yawe ya mvua au yaliyochujwa kwa chujio la floraidi, hasa kama unaishi na mdogo wako.

Ushauri wetu kwa siku hizo 90 ni mwepesi: tafuta watu watatu ambao si wa kwenu. Wa kwanza awe mtu unayenunua kwake kila siku, mama mboga au mwenye kibanda cha chapo na ndengu, akujue kwa jina. Wa pili awe mwanafunzi wa darasa lako, wa kukupigia simu usipoonekana. Wa tatu awe mtu mzima mwenye sauti mtaani: mzee wa mtaa, imamu, mchungaji, au jirani anayeheshimika kwenye ploti. Ukiugua saa nane usiku, kikundi cha WhatsApp kitakutumia emoji za maombi. Mama mboga anamjua mtu wa bodaboda.

Jembe lenyewe

Njoro kuna kituo cha utafiti wa ngano cha KALRO. Tangu 2005, baada ya ugonjwa wa kutu ya shina unaoitwa Ug99 kugunduliwa Uganda na kuanza kusambaa, mbegu za ngano kutoka nchi nyingi duniani zimekuwa zikiletwa pale na kupandwa ili kuona zipi zitastahimili. Mbegu ya nje inapewa kipande cha ardhi Njoro, inamwagiwa maji, inaandikwa kwenye daftari, na matokeo yake yanamsaidia mkulima wa Mau Narok na wa mbali kuliko huko. Hakuna anayeiuliza imekuja kufanya nini. Kilomita chache kutoka hapo kuna mwanafunzi wa kilimo kutoka Burundi anayezunguka na bahasha ya atachimenti, na anarudi nayo.

Hapo ndipo jembe lilipo. Mazoezi ya kazini si ajira ya mshahara; kwa kozi nyingi ni sehemu ya digrii, na bila hayo mtu hahitimu. Kaunti ya Nakuru ina mashamba ya maua Naivasha, mvuke wa ardhini Olkaria, hospitali, viwanda na ofisi za ugatuzi. Tunaiomba serikali ya kaunti na kampuni za hapa zitoe nafasi za mazoezi kwa kuangalia kozi na alama, mwanafunzi akiwa na pasi halali. Wanafunzi hao watarudi kwao na kuwa mameneja, mawaziri na wanunuzi. Kijana wa Bujumbura aliyejifunza kazi Nakuru atanunua mbegu Nakuru.

Wala hatuombi kitu kigeni. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza jumuiya hii kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yatambuliwe katika nyingine na mwanafunzi avuke mpaka bila kikwazo. Wakati huo Sudan Kusini ilikuwa imeshajiunga. Kongo iliingia 2022 na Somalia 2024, na sasa tuko nchi nane. Tamko hilo halitatekelezwa Arusha peke yake. Litatekelezwa kwenye foleni ya msajili na kwenye mlango wa mwenye nyumba.

Na wewe komredi Mkenya, usisubiri kaunti. Mwalimu akisema mjigawe vikundi vya watu watano, usiwaache wale watatu wa nyuma wabaki peke yao kila mara. Msome nao. Wengi wao wamesoma kwa lugha mbili tatu kabla ya kufika hapa, na kuna unit watakuvusha. Mtu akimwita mwenzako "wale", mtaje kwa jina.

Halafu fikiria Desemba. Vyuo hufungwa, hosteli hubaki tupu, sisi sote tunapanda matatu kwenda ocha. Yeye nauli ya kwenda kwao na kurudi inaweza kuwa kodi ya miezi mitatu, au njia yenyewe imefungwa na vita. Anabaki kwenye ploti yenye milango iliyofungwa, anakula Krismasi na simu. Mwaka huu muulize mapema, kabla ya mitihani, kama ana mahali pa kwenda. Kama hana, nenda naye kwenu, awe Mkristo au Mwislamu. Mama ataongeza maji kwenye sufuria, na babu atamwuliza maswali mengi kuhusu ng'ombe wa kwao. Kesho yake asubuhi, kukiwa na mahindi ya kuvuna au kuni za kupasua, usimwambie akae kwa sababu ni mgeni. Mwachie naye afanye kazi.